Kambi ya Wiki Mbili: Jinsi Residensi za Wasanii Zilivyofika Afrika Mashariki

Katika msitu wa Peterborough, jimbo la New Hampshire huko Marekani, kuna desturi iliyodumu kwa miongo mingi. Inapokaribia saa ya chakula cha mchana, mtu hupita kwenye nyumba ndogo zilizotawanyika kati ya miti, huacha kapu la chakula kwenye kila mlango, kisha huenda zake. Habishi hodi wala hasalimii. Ndani yumo mchoraji, mwandishi au mtunzi wa muziki, na kanuni ya mahali hapo ni kwamba asikatizwe kazi yake, hata kwa salamu. Makao hayo yanaitwa MacDowell. Yalianzishwa mwaka 1907 na mpiga piano Marian MacDowell pamoja na mumewe Edward, mtunzi wa muziki, na maelfu ya wasanii wameyapitia.

Mtu aliyelelewa Mombasa au Tanga ataona ukarimu huo una kasoro, maana chakula kinaletwa na mleta chakula haonekani. Lakini ndiyo picha ambayo dunia imeizoea ya kile wasanii wenyewe, Nairobi hata Dar es Salaam, wanachokiita residensi: msanii anaondolewa kwake, anapewa chumba, pesa ya matumizi na utulivu, halafu anaachwa peke yake hadi kitu kitoke.

Picha hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1666, enzi za Mfalme Louis wa 14, waziri wake Colbert alifungua chuo mjini Rome, ambako vijana wa Kifaransa walioshinda mashindano maalumu walipelekwa kwa gharama ya serikali wakanakili sanamu za kale. Mwaka 1803 chuo kikahamia Villa Medici, jumba kubwa juu ya kilima, na kipo hapo hadi leo. Wanawake hawakuruhusiwa kushindana mpaka 1903. Mashindano yenyewe yalifutwa mwaka 1968, makao yakabaki. Kufikia hapo Berlin Magharibi ilikuwa na programu yake, iliyoanza mwaka 1963 kwa fedha za Ford Foundation ili kuvuta wasanii wa nje kwenye mji uliozungukwa na ukuta, na Paris nayo ilikuwa imefungua Cité internationale des arts mwaka 1965, yenye studio nyingi kandokando ya Mto Seine.

Residensi zilizobadilisha kazi za wasanii wa Afrika ya Kusini na Mashariki, hata hivyo, hazikutokana na ukoo huo wa utulivu. Zilitokana na kambi moja yenye kelele.

Mwaka 1982 mchongaji Mwingereza Anthony Caro na rafiki yake Robert Loder, mfanyabiashara na mkusanyaji wa kazi za sanaa, waliwaalika wasanii wapatao thelathini kutoka Uingereza, Marekani na Kanada kwenye eneo la mashamba huko Pine Plains, kaskazini ya jiji la New York. Nchi zilikuwa tatu, kwa hiyo warsha ikaitwa Triangle. Caro alikuwa ameshajipatia jina kwa kuunganisha vyuma kwa moto na kuvipaka rangi, akaviweka chini sakafuni bila kitako. Alikuwa pia mwalimu kwa miaka mingi, na alijua kwamba msanii akishapata umaarufu kidogo huacha kuonyesha kazi zinazomshinda. Pale Pine Plains hapakuwa na pa kuzifichia. Watu walifanya kazi bega kwa bega kwa wiki mbili, usiku wakabishana kuhusu walichokiona mchana, na wakosoaji wakapita katikati wakisema wanachofikiri. Siku ya mwisho milango ilifunguliwa kwa wageni. Hakuna aliyetakiwa kumaliza kazi.

Ilikusudiwa ifanyike mara moja tu. Ikarudiwa mwaka uliofuata, na uliofuata.

Loder aliwahi kufanya kazi Afrika Kusini katika miaka ya 1950, na hakuwa amepoteza marafiki zake huko. Kupitia kwake mwaliko ukawafikia David Koloane na Bill Ainslie. Koloane, mzaliwa wa kitongoji cha Alexandra mwaka 1938, alikuwa mchoraji ambaye mwaka 1977 alishiriki kufungua jumba la maonyesho la kwanza la Weusi mjini Johannesburg. Ainslie, Mzungu, alikuwa mchoraji aliyeendesha Johannesburg Art Foundation, shule iliyopokea wanafunzi wa rangi zote wakati sheria za nchi zilitaka vinginevyo. Wote wawili waliiona kambi ya New York kwa macho yao. Mwaka 1985 walianzisha ya kwao, wakaiita Thupelo.

Ili kuelewa Thupelo ilileta nini, inafaa kuanza na ukubwa wa nyumba. Mchoraji Mweusi wa Soweto wa miaka ile aliishi kwenye nyumba ya vyumba vinne pamoja na familia nzima. Alichora kwenye karatasi, kwa mkaa, penseli au rangi za maji, kwa sababu karatasi inakunjika na kuwekwa chini ya kitanda. Shule za Weusi karibu hazikufundisha sanaa kabisa. Wanunuzi, wengi wao Wazungu, walitaka vichochoro vya vitongoji, mama aliyebeba mtoto, wapiga filimbi. Mwenye kipaji alijifunza haraka kitu kinachouzika, akakirudia mpaka kikamchosha.

Halafu mtu huyohuyo akafika kwenye ukumbi mpana, akakuta turubai imetandikwa sakafuni, kubwa kiasi cha kutembea juu yake, na rangi za akriliki zimejaa ndoo. Hakuna aliyemhesabia tyubu. Angeweza kumwaga, kukwangua, kumwaga tena. Pembeni yake alikuwa msanii kutoka nchi nyingine akihangaika vilevile. Wengi wakaanza kuchora picha dhahania, zisizo na mtu wala nyumba ndani yake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Julai 1985 serikali ya makaburu ilitangaza hali ya hatari. Majeshi yalikuwa mitaani. Miaka mitatu kabla yake, kwenye kongamano la utamaduni na mapambano mjini Gaborone, wasanii walikuwa wamekubaliana kwamba kazi yao ni silaha. Sasa hawa wa Thupelo walikuwa wakimwaga rangi sakafuni, tena kwa fedha zilizopitia shirika la Marekani la kubadilishana viongozi. Wakosoaji walisema huo ni mtindo wa New York uliochakaa, unauzwa kwa Waafrika kama uhuru, na wengine wakanong'ona kuhusu mkono wa majasusi. Tuhuma hizo si za kupuuzwa. Fedha za Marekani zilikuwa na historia yake katika sanaa dhahania, na kila mtu aliyesoma kidogo aliijua.

Koloane alijibu kwa hoja ambayo hadi leo haijapata mpinzani mzuri. Kumtaka msanii Mweusi achore dhiki za kitongoji pekee, alisema kwa namna mbalimbali katika maandishi yake, ni kumfungia mahali palepale ambapo ubaguzi ulimtaka akae. Mzungu aliruhusiwa kujaribu chochote. Mweusi aliambiwa atoe ushahidi. Mbwa wa mitaani wanaobweka usiku katika michoro ya Koloane ya miaka iliyofuata, pamoja na moshi na taa za magari ya Johannesburg, viliukabili utawala ule vikali kuliko mabango mengi, na mkono uliovichora ulikuwa umelegezwa na ndoo zile za akriliki.

Mfano mkubwa zaidi ni Helen Sebidi. Alizaliwa 1943, akalelewa kijijini na bibi yake aliyempa ujuzi wa kupamba kuta, kisha akafanya kazi za ndani Johannesburg kabla ya kupata mwalimu, mchoraji John Koenakeefe Mohl, aliyemfundisha kuchora mandhari ya vijijini. Alikuwa na ufundi na wateja. Katikati ya miaka ya 1980 alijiunga na watu wa Ainslie na warsha za Thupelo, na huko akahimizwa kufanya kitu kilichomuuma: kuchana michoro yake mwenyewe na kuiunganisha upya. Picha alizozitoa baada ya hapo zimejaa watu waliosongamana hadi hakuna nafasi ya hewa; uso mmoja una macho ya watu wawili, mkono unatoka kwenye mwili usio wake, na mahali karatasi ilipochanika panaonekana wazi. Mwaka 1989 alipata tuzo ya Standard Bank ya msanii kijana, mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata.

Mwaka huohuo ulileta msiba. Warsha zilikuwa zimeshavuka mpaka: Pachipamwe ilianza Zimbabwe mwaka 1988, na mkutano wake wa pili ulifanyika katika misheni ya Cyrene karibu na Bulawayo. Akirudi kutoka huko Agosti 1989, Bill Ainslie alikufa katika ajali ya gari.

Kambi hazikusimama. Thapong ilianza Botswana mwaka 1989. Maputo ikafuata mwaka 1991 na warsha iliyoitwa Ujamaa, jina lililosafiri kusini bila pasipoti. Zambia ikapata Mbile, Namibia ikapata Tulipamwe, na mwaka 1994 El Hadji Sy na wenzake wakaandaa Tenq katika shule moja mjini Saint-Louis, Senegal. Kila moja ilifuata mpango uleule: nusu ya wasanii wenyeji, nusu wageni, wiki mbili, milango wazi siku ya mwisho. Johannesburg wenyewe walikuwa wamegundua upungufu wa mpango huo. Wiki mbili zikiisha, mtu anarudi kwenye nyumba ya vyumba vinne. Kwa hiyo mwaka 1991 Koloane na Loder walichukua kiwanda cha zamani cha kushona magunia katika mtaa wa Fordsburg wakakigawa kuwa studio za kudumu, zikiwemo za kupokea wageni. Bag Factory, kama inavyoitwa, ilifunguliwa mwaka uleule ambao sheria ya kuwagawia watu mitaa kwa rangi zao ilifutwa.

Afrika Mashariki haikukaa ikisubiri kufundishwa. Miaka ishirini kabla ya Thupelo, Nairobi ilikuwa imeshapata nyumba ya aina hiyo, na yumo Mwafrika Kusini katika habari yake pia. Mwandishi Ezekiel Mphahlele, akiwa uhamishoni, aliongoza kituo cha utamaduni cha Chemchemi kilichofunguliwa mwaka 1963, na upande wa uchoraji uliangaliwa na Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesoma Makerere, ambaye tayari alikuwa amechora ukutani katika kanisa la Murang'a maisha ya Yesu yakitokea kwenye vilima vya Wakikuyu. Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa. Palikuwa ni jumba la maonyesho, karakana, jukwaa la mashairi na mahali pa kulala wageni, yote kwa pamoja, na Mzee Njau alikuwa na amri moja aliyoirudia kwa kila kijana aliyeingia: usinakili. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina yao. Walijenga upya.

Mwaka 1987 Paa ya Paa ilimpokea kama msanii mkaazi mwalimu mstaafu wa karibu miaka sitini. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928, alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baada ya hapo ikawa ni ndoa, watoto na kufundisha shule. Sasa muda ulikuwepo, lakini fedha za kununulia rangi hazikuwepo. Karuga akageukia kile kilichokuwa jikoni, yaani karatasi za rangi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga. Alizikata vipande vidogovidogo na kuvibandika kwa gundi mpaka vikawa wanawake sokoni, kuku, mbuzi, watu wameketi wakizungumza.

Ukikaribia moja ya picha hizo unaona ujanja wake. Kijani cha kanga ni kijani cha pakiti ya sabuni, na ndani yake kipande cha herufi kimeachwa makusudi kiwe mkunjo wa nguo. Ngozi ya mtu haina rangi moja. Ni vipande kumi vya hudhurungi tofauti, kila kimoja kimetoka kwenye karatasi yake. Ukirudi nyuma hatua tatu, vyote vinashikana. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika jumba la Studio Museum la Harlem, pamoja na za wakongwe wa Afrika Magharibi kama El Anatsui. Karuga alifariki mwaka 2021 nchini Ireland.

Studio Museum yenyewe ilianza mwaka 1968 na imekuwa ikiwapa wasanii wenye asili ya Afrika studio za kufanyia kazi ndani ya jengo lake. Mwaka 2003 mmoja wao alikuwa binti wa Nairobi, Wangechi Mutu. Naye alikuwa akikata na kubandika, ila makasi yake yalipita kwenye majarida ya mitindo, picha za pikipiki na vitabu vya tiba, na wanawake waliotoka humo walikuwa na miguu ya mashine na ngozi zenye madoa. Anayetaka kuandika historia ya ubandikaji katika sanaa ya Kenya atalazimika kupita mtaa wa 125 wa Harlem, mara mbili.

Tofauti ya kimpango kati ya Paa ya Paa na mtandao wa Triangle ni kwamba nyumba ya Njau ilisimama juu ya mtu mmoja na familia yake. Kuona Trust, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1995 na Rob Burnet, ilisimama juu ya utaratibu. Ilianzia kwenye eneo la Makumbusho ya Taifa, jambo ambalo lilikuwa na faida isiyotarajiwa. Wanafunzi waliokuja kutazama mifupa ya kale walijikuta wakimtazama mtu anachonga, na mchongaji naye alijikuta akieleza kazi yake kwa mtoto wa darasa la nne, mkosoaji asiye na adabu kuliko wote. Vijana wengi waliokuja Kuona hawakuwa na cheti cha sanaa. Walikuta meza, zana na wenzao, na kila baada ya muda mgeni kutoka Zambia, India au Uingereza akakaa kati yao kwa wiki kadhaa. Warsha ya kimataifa ya Kenya iliitwa Wasanii. Uganda walikuwa na Ngoma, Tanzania Rafiki.

Baadaye Kuona ilihamia GoDown, maghala ya zamani kwenye eneo la viwanda, na kisha Kilimani. Kizazi kilichopita humo ndicho kinachojulikana leo kama sanaa ya Nairobi. Kevin Oduor ndiye aliyefinyanga sanamu ya Dedan Kimathi iliyosimamishwa katikati ya jiji mwaka 2007. Dennis Muraguri anachonga mbao kubwa, anazipaka wino na kuchapa matatu zenye rangi kali na maandishi yake yote. Gor Soudan aliokota waya laini unaobaki barabarani baada ya waandamanaji kuchoma matairi, akaufuma kuwa maumbo yaliyosokotana kama kiota. Waya huo una kutu na masizi, unachafua mikono. Hakuna duka la vifaa vya sanaa linalouuza, na hakuna mwalimu wa Ulaya ambaye angemshauri autumie. Kilichosaidia ni kuwa na sehemu ya kuurundika, na jirani asiyeuliza kwa nini unaleta takataka ndani.

Hapo ndipo ubora wa residensi unapopimika, kwa maoni ya makala haya. Mandhari mazuri hayabadilishi mkono wa mtu. Kinachoubadilisha ni kitu kipya cha kushika na mtu wa kukutazama ukishindwa nacho.

Wakati mwingine kitu hicho kipya ni cha zamani sana. Sammy Baloji alizaliwa mwaka 1978 Lubumbashi, mji wa migodi ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya karakana. Alishajulikana kwa kuwabandika vibarua wa enzi za ukoloni, waliokatwa kutoka picha za kumbukumbu, juu ya picha zake za mitambo iliyokufa ya kampuni ya migodi ya Gécamines. Kisha yeye na mwandishi Patrick Mudekereza wakaalikwa kuwa wakaazi katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Hapo si mahali pa kawaida pa kumwalika Mkongo. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa 2 aliwaleta Wakongo 267 Ubelgiji waonyeshwe kwa umma, na saba kati yao walikufa na kuzikwa Tervuren.

Baloji aliingia stoo. Alikuta picha zilizopigwa na François Michel na michoro ya rangi za maji ya Léon Dardenne, wote wawili wakiwa kwenye msafara wa Charles Lemaire uliozunguka Katanga kati ya 1898 na 1900. Dardenne alikuwa amechora maziwa na milima kwa rangi za upole, nchi nzuri isiyo na mwenyewe. Michel alikuwa amewapiga picha watu, wamesimamishwa wima mbele ya kamera kama vielelezo. Msafara uleule ulikuwa umewatenganisha watu na ardhi yao katika masanduku mawili. Baloji akawakata watu wa Michel akawasimamisha ndani ya mandhari ya Dardenne. Ugeni wa rangi unabaki: watu ni wa kijivu, milima ni ya samawati na waridi, na macho yao yanamtazama anayetazama. Maonyesho yaliyotokana na kazi hiyo, Congo Far West, yalifunguliwa Tervuren mwaka 2011.

Kufikia hapo Baloji na wenzake walikuwa wameshaanzisha Picha, kituo cha Lubumbashi kilichozaa maonyesho makubwa ya kila miaka miwili tangu 2008. Yeye mwenyewe aliendelea kupokea mialiko, na mwaka 2019 akaingia Villa Medici, kwenye jumba la kile chuo cha enzi za Louis wa 14. Badala ya kunakili sanamu za Kirumi alifuatilia pembe za ndovu na nguo za Ufalme wa Kongo zilizoingia katika hazina za familia ya Medici karne nyingi kabla ya Leopold, zikapoteza jina la mahali zilipotoka. Utafiti huo aliuonyesha mwaka 2022 huko Florence, katika jumba la Pitti.

Kwenda nje kuna hasara zake pia, na si za visa peke yake. Helen Sebidi alialikwa Sweden mwaka 1991, kwenye mji wa Nyköping, akaenda na kazi zake 28 za kuonyesha. Alirudi nyumbani bila kazi hizo. Barua zilitumwa, majibu yakawa kwamba hazionekani, miaka ikapita, naye akawa bibi. Mwaka 2023, zaidi ya miaka thelathini baadaye, zilikutwa zimehifadhiwa darini kwenye shule aliyokuwa amefikia. Zilirudishwa Johannesburg na kuonyeshwa chuo kikuu mwaka huohuo, Sebidi akiwa na miaka 80. Kuna kizazi kizima cha wanafunzi wa sanaa wa Afrika Kusini waliosoma habari zake bila kuona kazi hizo.

Kwa kijana wa leo, kikwazo huanzia ubalozini. Mwaliko unaweza kuwa umelipa tiketi, chumba na posho, halafu afisa akataka taarifa za benki za miezi kadhaa kutoka kwa mtu anayelipwa mara mbili kwa mwaka, picha ikiuzika. Msanii wa Berlin anayekuja Nairobi hujaza fomu mtandaoni jioni moja.

Ndiyo maana nyumba za hapahapa zina uzito kuliko orodha ya mialiko. Dar es Salaam, Nafasi Art Space ilifunguliwa mwaka 2008 kwenye eneo la viwanda vidogo Mikocheni. Studio zake nyingi ni kontena za meli zilizotobolewa madirisha, na mchana wa Februari mtu hufanya kazi akiwa amefungua milango yote miwili ili upepo upite. Wachoraji wa Tingatinga, wachongaji na vijana wa video wanagawana uwanja mmoja, pamoja na wageni wa muda kutoka nje. Kuanzia mwaka 2020 kuna pia Nafasi Academy, shule ya sanaa ndani ya uwanja uleule.

Nairobi mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuona Trust ilikwama kifedha mwishoni mwa muongo uliopita, na wasanii waliokuwa na studio Kilimani walikabiliwa na kufukuzwa. Waliamua kubaki kwa jina la Kuona Artists Collective na kubeba wenyewe mzigo wa kodi. Taasisi iliyoanzishwa ili kuwahudumia ilikufa, studio zikaendelea kufunguliwa asubuhi.

Kampala walichagua njia ya tatu. Kituo cha 32° East, kilichoanza mwaka 2011, kwa miaka kilifanya kazi kwenye kontena kama wenzao wa Dar. Wakati huohuo kilikuwa kikichangisha fedha za kiwanja na jengo la kwake mtaa wa Kabalagala. Udongo uliochimbwa kwenye mteremko wa kiwanja hicho haukubebwa na malori kwenda kutupwa. Ulishindiliwa ukawa matofali ya kuta. Jengo lina studio za wasanii, maktaba na nafasi ya maonyesho, na wanaokaa humo, wa Kampala kwa wa mbali, hawako tena kwenye ardhi ya mtu mwingine.